Napataje rangi zinazonifaa, na kutoka hapo nipate mtindo wangu wa mavazi?

DadaPindo

Wakuu, habari za humu. Naomba wanaojua uchambuzi wa rangi wanielekeze, yaani kile kipimo cha kujua rangi ipi ya nguo inaupendeza uso na ipi inaufifisha.

Programu za simu zimenichosha. Zinagawa watu katika makundi yenye majina ya misimu: picha ya asubuhi inaniweka kundi la Vuli (rangi za joto, zilizofifia), ya jioni inanipeleka Kipupwe (rangi za baridi, kali). Kipimo cha mishipa ya mkono, eti ni ya kijani au ya bluu, hakinisaidii maana ngozi yangu ni nyeusi ya wastani na mishipa haionekani sawasawa. Nywele nimezipaka rangi ya shaba. Kabatini nusu ya nguo ni nyeusi, zilizobaki kila moja na rangi yake, hakuna inayokubaliana na mwenzake.

Nataka kujua namna ya kujipima nyumbani bila kujidanganya. Halafu, nyeusi niiache? Na nikishajua rangi, natokaje hapo hadi kuwa na mtindo unaoeleweka? Rangi peke yake naona haitoshi.

MizaniYaRangi

Dada, tatizo la programu linaanzia kwenye kamera. Balbu ya manjano ina takribani kelvini 2700, anga lenye mawingu hufika 6500, na simu hujitahidi kufanya vyote vionekane vyeupe. Marekebisho inayoyafanya kwenye mwanga yanaigusa na ngozi, kwa hiyo programu inasoma rangi ambayo simu imeshaichezea. Ndiyo maana asubuhi na jioni unakuwa watu wawili.

Fanya kipimo cha vitambaa.

Mwanga: kaa ukielekea dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, umbali wa mita moja hivi, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Zima taa zote. Chunguza na vilivyo jirani, kwa sababu ukuta wa manjano au mti mkubwa mbele ya dirisha hutupa rangi yake usoni, ukahukumu ukuta ukidhani unahukumu ngozi. Kama huna dirisha la namna hiyo, tumia balbu ya kelvini 5000 hadi 6500 yenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi) 90 kwenda juu. Zenye ubora huo huandikwa kwenye boksi.

Uso: nawa, vua miwani, hereni na mkufu, usijipake poda wala wanja. Subiri dakika 20, kwani kusugua huita damu kwenye ngozi. Ila usibaki mkavu kabisa. Ngozi nyeusi isiyo na mafuta hupauka, nawe utadhani kitambaa ndicho kimekupausha. Paka losheni nyepesi isiyong'aa, iache inywewe. Mafuta ya mgando hapana, yanang'aa na kuakisi kila kitambaa kinachokuja. Nywele zifunike zote kwa kitambaa cha kijivu, la sivyo ile shaba itajibu kwa niaba ya ngozi. Ukimaliza, rudia jozi mbili tatu nywele zikiwa wazi uone kama jibu linahama.

Vitambaa: vipande 12 vya pamba isiyong'aa, visivyo na maua, vilivyopigwa pasi. Kila kimoja kiwe angalau sm 50 kwa 70, kifunike mabega na kifua hadi shingoni. Kipande cha ukubwa wa leso ya mfukoni hakifai, nguo uliyovaa itachungulia. Ongeza kimoja cha kijivu cha kati, cha kupumzishia macho.

Kwenye kuchagua vitambaa ndipo wengi wanapoharibu. Wanalinganisha rangi ya chungwa kali na samawati hafifu, kisha wanasema "mimi ni wa rangi baridi". Kati ya hizo mbili kumebadilika joto (rangi kuelekea manjano au kuelekea bluu), mwanga (kuwa hafifu au nzito) na ukali (kung'aa au kufifia) kwa pamoja, hujui kilichokusaidia ni kipi. Panga jozi, na kila jozi itofautiane kwa jambo moja tu, au karibu na hapo:

– joto na baridi: nyekundu yenye uchungwa na nyekundu yenye uzambarau, krimu na nyeupe, hudhurungi ya kati na kijivu chenye giza sawa nayo
– mwanga na giza: samawati na bluu iliyoiva, kijivu hafifu na kijivu cha mkaa
– ukali na ufifio: kijani kikali na kijani cha jani lenye vumbi

Viweke vyote kifuani kwa kupandana, mtu mwingine avivute kimoja kimoja. Sekunde tatu hadi tano kila kimoja zinatosha. Ukikodolea macho zaidi ya hapo, jicho linachoka na kuanza kuona rangi pinzani, kwa hiyo kila baada ya jozi rudi kwenye kijivu kwa nusu dakika. Anayeangalia asitazame kitambaa. Atazame chini ya macho, pembe za mdomo, ukingo wa taya na paji la uso. Rangi inayokataa huongeza kivuli chini ya macho, huzungusha weusi mdomoni, au huweka wekundu, manjano au majivu chini ya kidevu. Inayokubali huifanya ngozi ionekane ya rangi moja, na weupe wa macho unakuwa safi.

Ukitaka picha za kumbukumbu, ingia kwenye hali ya kitaalamu ya kamera, weka mizania ya weupe 5500 na ufunge mwangaza ukiwa umevaa kile kijivu. Usipoufunga, simu itaung'arisha uso ukiweka cheusi na kuutia giza ukiweka cheupe, yaani itafuta tofauti ileile unayoitafuta. Zima na filta ya urembo.

UziNaSindano

Naongezea kuhusu hayo makundi ya misimu, maana yanawapotosha watu weusi kuliko wote.

Wazo la kuhusisha mtu na rangi ni la zamani. Johannes Itten, mchoraji wa Uswisi aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, kuanzia 1919 hadi 1923, aliona wanafunzi wakiachwa wachague rangi wenyewe huelekea kwenye zile zinazoshabihiana na ngozi na nywele zao. Majina ya misimu yalienea sana kwa umma miaka ya 1980, na miongozo mingi ya wakati huo iliwatupa karibu watu weusi wote kwenye Kipupwe: nyeusi, nyeupe kali, nyekundu ya kung'aa, basi. Ni uvivu tu. Walitazama giza la ngozi wakasahau kwamba ngozi nyeusi mbili zenye giza sawa zinaweza kuwa moja na wekundu wa shaba, nyingine na ubuluu, ya tatu na ukijani kidogo.

Kipimo cha mishipa kiache, na kiganja pia usikitumie. Mishipa unaiona kupitia melanini (rangi ya asili ya ngozi), hivyo rangi unayoiona ni ya vyote viwili, na kwa wengi haionekani kabisa. Kiganja kina melanini kidogo, kinaonyesha damu kuliko ngozi. Hata kile kipimo cha kulinganisha vito vya dhahabu na vya fedha hakinishawishi, mng'ao wa vito unavuta jicho kabla rangi haijasema kitu. Kama unataka kutazama ngozi yenyewe, tazama upande wa shingo na kifua, kwa sababu uso huwa na madoa, jua, na wakati mwingine mabaki ya krimu za kung'arisha. Jua huongeza giza la ngozi, lakini joto au ubaridi wake hauhami sana.

Badala ya kutafuta jina la msimu, andika majibu matatu: joto, mwanga, ukali. Yanatokana na pande tatu za rangi (aina ya rangi, mwanga na ukali) alizozipanga msanii Mmarekani Albert Munsell mwaka 1905, na fundi yeyote wa rangi anaelewa lugha hiyo. Makundi 12 ya misimu nayo ni pande hizohizo, zimechanganywa zikapewa majina.

MizaniYaRangi

Hapo sikubaliani na UziNaSindano kwa asilimia zote. Majina yana faida moja: mtu akikuambia "Vuli" unapata picha ya rangi kumi na zaidi kwa mkupuo, na ununuzi unakuwa mwepesi. Ubaya unaanza mtu anapopata jina kwanza kisha analazimisha vitambaa vikubaliane nalo.

DadaPindo

Nimefanya kama mlivyosema, mdogo wangu ndiye aliyekuwa akivuta vitambaa. Majibu:

Nyekundu yenye uzambarau imeshinda waziwazi. Ile ya uchungwa iliweka kitu kama kutu kuzunguka mdomo. Kijivu kimeshinda hudhurungi. Kwenye hudhurungi ngozi na nguo zilikuwa kitu kimoja, uso ukapotea. Krimu na nyeupe hatukuona mshindi. Samawati bora kuliko bluu iliyoiva. Kijivu hafifu bora kuliko cha mkaa, hasa chini ya macho. Kijani kikali, mdogo wangu kasema "naiona nguo, wewe sikuoni". Kijani cha vumbi kimetulia.

Nyeupe na krimu ndiyo imenichanganya. Na nyeusi sikuipima.

MizaniYaRangi

Umepima vizuri. Usomaji wangu: ubaridi wa wastani, vitambaa vya mwanga wa kati hadi hafifu, ukali mdogo. Kwa majina ya misimu hicho ni Kiangazi, kundi ambalo miongozo ya zamani isingekuweka hata kwa bahati mbaya.

Hudhurungi usiihesabu sana. Iliposhindwa huenda si kwa ajili ya joto. Kitambaa chenye giza sawa na ngozi huondoa mpaka kati ya shingo na nguo, uso ukaonekana umezama. Tafuta hudhurungi nyingine iliyo hafifu au nzito zaidi kuliko ngozi yako, upime tena na kijivu cha uzito huohuo. Ile jozi ya nyekundu ndiyo ushahidi wako wa ubaridi, na haina shaka.

Nyeupe na krimu zimetoka sare kwa sababu kila moja ina zuri na baya kwako. Nyeupe ni baridi, hilo unalitaka, lakini ni kali mno kwa mtu wa rangi zilizofifia. Krimu imefifia vizuri ila ina joto. Isitoshe nyeupe nyingi za dukani hutiwa king'arishi kinachogeuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa bluu, ndiyo maana mchana huonekana zina ubuluu na usiku chini ya balbu zinatulia. Jaribu nyeupe iliyovunjwa kwa kijivu kidogo, au pamba isiyopaushwa ambayo haijawa ya manjano.

Sasa nyeusi. Nguo iliyo chini ya kidevu inafanya mambo mawili. Kwanza inatupa mwanga juu: kitambaa hafifu hujaza vivuli vya chini ya macho na pua, cheusi kinaunyima uso mwanga huo, vivuli vikabaki kama vilivyo au vikaonekana vizito zaidi. Pili inabadili rangi ya jirani yake machoni pa mtazamaji. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, alipokuwa msimamizi wa rangi katika Gobelins, kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani jijini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Akachunguza akakuta rangi ya nyuzi ni nzima, zilikuwa zikifubazwa na rangi zilizofumwa kando yake. Aliyachapisha hayo mwaka 1839, na bado ndiyo yanayotokea shingoni kwako kila unapovaa.

Kwa kuwa kijivu cha mkaa kimekuongezea vivuli, nyeusi itafanya hivyohivyo na zaidi. Lakini usizitupe. Ubaya wake uko karibu na uso. Suruali nyeusi, sketi nyeusi, viatu, hakuna tatizo. Gauni jeusi lenye shingo iliyokatwa chini, ukiacha sm 10 au 15 za ngozi, linavalika. Jeusi la kufika kooni ndilo la kuogopa, na mtandio mweusi unaozunguka uso wote ndio wenye athari kubwa kuliko nguo yoyote. Umbile la kitambaa nalo lina neno: mahameli nyeusi humeza mwanga kuliko zote, satini nyeusi hurudisha kiasi.

KabatiJepesi

Naingia kwenye swali la mtindo, maana watu wengi wakishapata rangi zao wananunua blauzi nane za zambarau iliyofifia na bado hawana la kuvaa.

Anza bila rangi. Toa kabatini nguo 10 unazozivaa mara nyingi kwa hiari yako, usihesabu sare wala nguo za sherehe. Kwa kila moja andika mambo matatu: umbo la shingo, urefu unapoishia, na inavyokaa mwilini (inabana, inafuata mwili au inapwaya). Kinachojirudia mara sita au zaidi kati ya kumi ndicho umbo lako, hata kama hujawahi kulipa jina. Mara nyingi mtu anakuta anapenda shingo ya V na mikono ya robo tatu, huku kila akienda dukani ananunua shingo za duara kwa sababu ndizo zinazotundikwa mbele. Nguo mpya ipitishe kwenye umbo kwanza, rangi baadaye. Nguo ya rangi sahihi yenye umbo usilolipenda itabaki kwenye henga.

Kisha panga rangi. Kwa majibu yako ningechukua msingi mbili: kijivu cha kati, na bluu ya giza iliyofifia (si ile ya kung'aa) ya kuvaa chini. Nyongeza tatu: damu ya mzee yenye uzambarau, samawati ya kijivu, na kile kijani cha vumbi. Nyeusi ulizonazo zibaki chini kama msingi wa tatu. Sharti ni kwamba kila nguo ya juu ikubaliane na misingi yote. Juu tano na chini tatu zinazokubaliana zinakupa mikao 15. Nguo ya juu inayokubaliana na suruali moja tu ni mgeni, irudishe.

Kinachosahaulika ni mkinzano, yaani umbali kati ya rangi hafifu na nzito ndani ya vazi moja. Piga picha ya uso, igeuze nyeusi na nyeupe, uone ngozi, nywele na macho vinavyoachana. Nywele zako zikibaki shaba, pengine zinakaribiana na ngozi kwa giza, kwa hiyo mkinzano ni mdogo isipokuwa machoni. Mtu wa namna hiyo akivaa blauzi nyeupe pee na suruali nyeusi, jicho linakwenda kwenye mstari wa kiunoni, uso unakuwa wa pili. Rangi hizo ukizisogeza zikaribiane, kijivu hafifu juu na bluu ya giza chini, jicho linapanda. Ukirudisha nywele nyeusi, piga picha upya. Unaweza kubeba mkinzano mkubwa zaidi.

Kwenye vitambaa vya maua usihesabu rangi moja moja. Kitundike, rudi nyuma mita mbili, finya macho. Rangi inayobaki ndiyo itakayofika usoni, na ndiyo ya kupima. Kitambaa chenye nyekundu ya uchungwa kidogo katikati ya kijivu na samawati hakina shida.

DadaPindo

Nimewaelewa, asanteni sana. Swali la mwisho: nguo za rangi ya haradali na chungwa ninazo kadhaa, umbo lake nalipenda mno. Zinaweza kutiwa rangi nyingine?

MkasiMkali

Zinaweza, kulingana na uzi. Soma lebo ya ndani kwanza. Pamba, kitani na viskosi zinachukua rangi za maji ya kawaida za wanaotengeneza batiki. Poliesta haizichukui, inataka rangi yake maalumu na moto mkali. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hutoka umepauka, maana nusu ya nyuzi imekataa.

Rangi huongezwa juu ya ile iliyopo, haiifuti. Haradali ukiitia bluu itatoka kijani, na kwako hiyo ni habari njema, kijani cha vumbi kinapatikana hivyohivyo. Chungwa ukiitia zambarau iliyoiva inakwenda kwenye hudhurungi nyekundu inayokaribia damu ya mzee, lakini joto kidogo litabaki. Nyeusi haiwezi kurudi kuwa hafifu bila kuipausha, na kupausha hudhoofisha pamba na kuacha rangi ya kutu. Hizo ziache.

Vipimo: pima nguo ikiwa kavu. Kwa kilo 1 ya nguo tumia gramu 20 hadi 40 za rangi. Maji yawe mengi kiasi cha nguo kuelea na kugeuzika, chumvi gramu 50 kwa lita. Geuza nguo bila kuacha kwa dakika 20 za mwanzo, halafu itoe kidogo, koroga sodiamu kaboneti gramu 20 kwa lita ndani ya maji (ile ya batiki, si magadi ya kupikia), ndipo uirudishe kwa saa moja. Ukimwaga sodiamu moja kwa moja juu ya nguo, pale ilipoangukia patakuwa na doa zito lisilotoka. Hariri na sufu zisiguswe na sodiamu, inaziharibu. Nguo ifuliwe kwanza bila kilainishi, kwa kuwa mafuta yake huacha madoadoa.

Angalia na mishono kabla hujaanza. Nguo nyingi za pamba zimeshonwa kwa uzi wa poliesta, na uzi huo utabaki haradali. Kwenye kijani cha vumbi mishono ya haradali inaweza kupendeza. Kwenye zambarau itapiga kelele, hivyo ama ukubali kuipitia upya kwa cherehani sehemu zinazoonekana, au hiyo nguo uichagulie kijani. Kata kipande kidogo kwenye mkunjo wa ndani wa pindo ukijaribie kwanza, kikauke kabisa, kisha ukipeleke kwenye dirisha lile ulilojipimia, maana kikiwa kibichi huonekana kizito kuliko kitakavyokuwa.